Plagi Yenye Uzi Mwekundu

Taisto Kemppainen hakukosa mtu wa kumlaumu. Theluji isipozolewa barabarani, ni halmashauri. Basi la kwenda mjini likifutwa, ni wakubwa wa mji mkuu, Helsinki, ambao kwa maneno yake hawajawahi kukanyaga theluji inayopita kifundo cha mguu. Mkewe Helvi alipofariki, alimlaumu daktari, akamlaumu aliyemwajiri daktari, kisha akamlaumu waziri aliyeifunga hospitali ya karibu. Katika hilo la mwisho pengine hakukosea.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Februari, bomba la jikoni lilipokohoa mara mbili likanyamaza, hakuhitaji kufikiri. Alinyakua simu akampigia Ritva Hyttinen, mkuu wa ofisi ya nyumba za halmashauri.

"Nyumba yenu imeoza!" akafoka. "Mabomba yameoza, sakafu imeoza, na ninyi mliokalia viti vya kuzunguka huko mmeoza vilevile!"

"Za asubuhi, Taisto," alisema Ritva. "Maji yamekatika?"

"Hayajakatika, yameganda! Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri. Mnataka tule theluji?"

"Namtuma Jari."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, ya rangi ya njano iliyopauka, imegawanywa katikati kwa ukuta mmoja. Upande huu Taisto, upande ule Ansa Moilanen, bibi wa miaka themanini na kitu, mfumaji wa mazulia ya matambara. Mtambo wake wa kufumia ulijaza chumba kizima, na mchana kutwa mdundo wake ulipenya ukutani, pu, pu, pu, hata Taisto alikuwa hausikii tena, kama mtu asivyosikia saa yake ya ukutani. Jumamosi Ansa ndiye aliyewasha sauna, kibanda cha kuogea mvuke kilichokuwa uani. Akishamaliza kuoga yeye, alibisha ukutani mara mbili: zamu yako, jirani, moto bado upo.

Maji ya nyumba nzima yaliingilia chini ya jiko la Taisto, yakavuka uvunguni mwa sakafu hadi kwa Ansa. Bomba lilikuwa limezungushiwa waya wa umeme wa kulipasha joto lisigande, na waya huo ulichomekwa kwenye soketi ya kibarazani kwa Taisto.

Jari, fundi bomba, alifika na ndevu zimejaa barafu. Alifungua kifuniko cha sakafuni akatambaa uvunguni na tochi yake mdomoni. Baada ya kitambo sauti yake ikatoka huko chini.

"Mzee! Waya huu ni wa baridi kama reli. Hebu kaangalie plagi."

Taisto akatoka kibarazani bila koti, akinung'unika.

Kwenye soketi ilikuwa imechomekwa kamba ya umeme ya kupashia injini ya gari. Plagi ya waya wa bomba ilikuwa inaning'inia pembeni, imejaa umande ulioganda, na uzi mwekundu wa sufu umefungwa shingoni mwake. Helvi ndiye aliyeufunga uzi ule. "Hii haiguswi, Taisto," alikuwa akisema kila mwaka baridi inapoanza. "Unanisikia? Gusa vingine vyote."

Siku mbili nyuma, madiwani walikuwa wameitisha mkutano wa wakazi kuhusu lile basi. Taisto alikuwa amejiandaa kwenda kuwapa vipande vyao. Na kwa baridi ile, injini ya gari haiwaki mpaka ipashwe kwa umeme. Soketi zilikuwa mbili, lakini moja ilikufa tangu msimu wa majani kupukutika, akailalamikia ofisini na hakuna aliyekuja. Basi akachomoa waya wa bomba, akachomeka gari: kwa muda tu. Alipokuwa anafunga viatu, redio ikatangaza kwamba mkutano umeahirishwa kwa sababu ya baridi. Alivua viatu, akakaa jikoni akiwatukana madiwani mmoja mmoja kwa jina mpaka usingizi ukamchukua. Gari halikwenda popote. Lilibaki pale nje linakunywa umeme, injini yake ina joto kuliko kitanda chake mwenyewe, na bomba chini yake linaganda.

Sasa akatazama mlangoni, hakuna mtu. Akachomoa kamba ya gari, akachomeka plagi yenye uzi mwekundu.

"Vipi huko?" akaita Jari.

"Imechomekwa," alijibu Taisto.

Wala hakusema uongo. Wakati ule ilikuwa imechomekwa.

"Basi waya umekufa," alisema Jari. "Uzee huo. Nitamwambia Ritva."

Akawasha mashine yake ya kupuliza hewa moto. Taisto alisimama juu ya lile shimo, mikono mifukoni, akisubiri maji yarudi ili jambo lenyewe liishe. Barafu ikaanza kulegea. Bomba likaguna. Halafu upande wa pili wa ukuta Ansa akapiga yowe.

"Maji! Jamani, maji! Taisto!"

Bomba lilikuwa limepasuka chini ya sinki lake. Kabla Jari hajafika kwenye koki, maji yalikuwa yameshavuka jiko na kuingia chumba cha mtambo, ambako mazulia yake yalirundikwa sakafuni. Waliyatoa wote watatu, mazito kama mizoga ya ng'ombe, wakayatundika uani kwenye kichanja cha kukung'utia. Hawakuwa wamerudi hata ndani yakawa yameshakakamaa kama mabati.

"Hii halmashauri," alisema Ansa akihema, mikono myekundu kwa baridi. "Kweli ulikuwa unasema siku zote, nikakuona una mdomo tu. Kumbe wametutelekeza."

Taisto alitazama kando. Kwa mara ya kwanza tangu Helvi aondoke, mtu alikuwa amekubaliana naye, na ilimchoma kama mwiba wa samaki.

Jari aliunga kipande cha muda juu kwa juu, akaondoka. Hakurudi kuushika tena ule waya. Taisto aliushika. Usiku alipiga magoti, akaingiza mkono uvunguni: ulikuwa na joto zuri, kama shingo ya paka.

Kesho yake Ritva alikuja mwenyewe. Ansa aliandaa kahawa na mkate wa iliki, kwa kuwa mgeni ni mgeni hata akiwa wa ofisini, na Taisto akaitwa naye awepo. Sakafu ya jiko ilikuwa imevimba, viti vinapepesuka.

"Nitasema moja kwa moja," alianza Ritva. Alikuwa mwanamke mpole, jambo ambalo Taisto hakuwahi kumsamehe. "Jari anasema bomba limepasuka na waya umekufa. Kuchimbua vyote upya kwa ajili ya watu wawili, halmashauri haitakubali. Nyumba itafungwa. Ansa, una nafasi yako kule nyumba ya wazee, mjini. Chumba kina dirisha la upande wa ziwa. Taisto atapewa chumba ghorofani."

Ansa alishika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Mtambo wangu utaingia?"

"Hautaingia, Ansa. Kitanda tu na kabati."

"Nikiubomoa, niupeleke vipande vipande?"

"Hata hivyo."

Ansa akamgeukia Taisto.

"Wewe, si una mdomo? Siku zote unawaka kama jiko la kuni. Leo ndiyo siku yenyewe, mbona umenyamaza?"

Taisto alifumbua mdomo. Ritva naye akamgeukia, tena kwa huruma kabisa.

"Taisto mwenyewe ndiye aliyenifungua macho," alisema. "Aliniambia nyumba imeoza, mabomba yameoza. Nilipaswa kumsikiliza mapema."

"Kahawa ni nzuri," alisema Taisto. Hayo ndiyo yaliyomtoka. Akainuka akaenda zake.

Kwake alijaribu kumtafuta wa kumbebesha lawama. Alianza na ile soketi iliyokufa. Ilimbeba kidogo, kisha ikamwangusha. Akajaribu mtangazaji wa redio. Akajaribu madiwani. Kila aliyemleta alikaa mezani kidogo, akamtazama, akaondoka, akamwacha yeye peke yake na lile neno: imechomekwa. Akafika hata kumlaumu Helvi kwa kufa na kumwachia plagi. Hapo akaona haya, akaficha uso kwenye mikono yake.

Kulipopambazuka alimwona Ansa kupitia dirishani, yuko uani peke yake, anavuta zulia lililoganda. Alitaka kuliingiza ndani liyeyuke, lakini lilikuwa limekakamaa kama mbao na haliingii mlangoni. Alilisukuma, akalirudisha, akalisukuma tena. Taisto akavaa koti akatoka.

"Shika huko," alisema Ansa bila salamu. "Liinamishe. Taratibu, usilivunje nyuzi!"

Walilipitisha kwa ubavu, mmoja mbele mmoja nyuma, wakalisimamisha ukutani jikoni. Hapo ndipo Taisto alipoona mstari wa buluu katikati yake. Ulitoka kwenye gauni la Helvi la Jumapili. Baada ya mazishi alimpa Ansa nguo zote, azikate matambara ya kufumia.

"Hili nilikuwa nakufumia wewe," alisema Ansa. "Basi tena. Nitakumalizia nini, kule hakuna mtambo."

"Ansa. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Bomba." Akavua kofia. "Unajua, kulikuwa na ule mkutano wa basi. Sasa redio, si unajua redio ya siku hizi, wakatangaza dakika ya mwisho kabisa. Halafu ile soketi, nimewaambia tangu—"

"Ngoja." Ansa aliketi kwenye kiti kinachopepesuka. "Anza upya. Usinitajie redio, usinitajie madiwani, na hiyo soketi iache huko nje."

Taisto akaizungusha kofia mikononi. Hakuwa na mazoea ya kusema namna hiyo. Mdomo wake haukujua pa kuanzia.

"Nilichomoa waya wa bomba," alisema hatimaye. "Nikachomeka gari. Nikasahau. Jari aliponiuliza, nikaurudisha kimya kimya, nikamwambia umechomekwa. Waya ni mzima. Hata sasa hivi una joto."

Zulia lilianza kudondosha maji sakafuni, tone, tone.

"Na jana," alisema Ansa polepole, "namuuliza Ritva kama mtambo utaingia. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukasema kahawa ni nzuri."

"Nilisema hivyo."

Ansa hakupaza sauti. Alichukua kitambaa, akainama kwa shida, akaanza kufuta maji. Taisto alipoinama kumsaidia, alimzuia kwa kiganja.

"Simu ile pale. Mpigie."

Akapiga mbele yake. Akasema vilevile, bila madiwani, bila redio. Upande wa pili Ritva akasema, "Ahsante, Taisto," na hilo likamuuma kuliko angetukanwa. Jari alikuja siku hiyohiyo, akaushika waya, akamtazama Taisto, akatikisa kichwa. Bomba lilihitaji kubadilishwa kipande tu, kirefu kama mkono. Alitengeneza na ile soketi iliyokufa. Ritva akasema hana sababu tena ya kuifunga nyumba, sakafu ya Ansa itatandikwa upya, naye Ansa atakaa mpaka atakapotaka mwenyewe kuondoka.

Jumamosi moshi wa sauna ukapanda uani, mweupe, umenyooka. Taisto aliandaa taulo na nguo safi, akakaa jikoni kuungoja ukuta. Alisikia mlango wa Ansa ukifunguliwa, kisha, baada ya muda, hatua zake zikirudi kwenye theluji iliyokauka, kwacha, kwacha. Ansa alishaoga. Taisto akainuka nusu.

Hakuna aliyebisha.

Moshi ukapungua, ukawa uzi, ukakatika. Taisto alitoka kibarazani kuangalia plagi, kama alivyokuwa akifanya sasa asubuhi na jioni. Iko pale, imekaza. Alirudi ndani akakaa palepale, taulo magotini. Alitaka kununa, akatafuta wa kumnunia, akakosa.

Ndipo ukuta ukaanza. Pu, pu, pu. Alidhani anaitwa, akainuka mzimamzima na taulo lake. Halafu akatambua. Ulikuwa mtambo tu, Ansa anafuma. Akakaa tena, akasogeza kiti karibu na ukuta.