Mahojiano Bila Shikamoo

Mimi nauza kuku wa kienyeji hapa Utemini, na tangu mwanangu Aneth aanze kutangaza Redio Majabali, nawauza kwa sauti kubwa zaidi. Mteja akiuliza bei, kwanza anaelezwa kwamba aliyesoma habari asubuhi nilimzaa mimi. Asiyetaka kuelezwa akanunue kwingine.

Redio yenyewe ilikuwa imebakiza kukata roho. Mitambo ilizimika katikati ya habari, na watangazaji walishaanza kutafuta kazi Dodoma. Ndipo Mzee Alute akainunua. Huyu ndiye mwenye kiwanda cha kukamua alizeti kule njia ya Mkiwa, mtu aliyeezeka madarasa na kusomesha watoto wa wajane, Aneth wangu akiwa mmoja wao. Hakufuata faida. Alisema anataka mkulima naye asikike. Siku ya makabidhiano alisimama mbele yetu akasema, "Redio hii sikuinunua inisifu. Atakayekosea aulizwe, hata nikiwa mimi."

Tulipiga makofi sana. Mzee akisema neno kama lile unapiga makofi, unakula pilau, unarudi nyumbani. Hakuna anayelichukua kama lilivyo. Aneth alilichukua kama lilivyo.

Msimu huu maji machafu ya kiwanda, yenye mafuta, yalianza kuteremkia kwenye lambo ambako kijiji cha jirani kinanyweshea ng'ombe. Ndama wakafa. Wanakijiji walikwenda kwa Mzee, wakakaribishwa chai, wakapewa debe la mafuta ya kupikia, wakaambiwa, "Tutaongea." Wakarudi wakishukuru, na maji yakaendelea kuteremka.

Asubuhi moja, tukiwa tunakunywa chai, Aneth aliniambia, "Mama, leo namhoji Mzee Alute. Kuhusu lambo."

Niliweka kikombe chini. "Mzee aliyekulipia ada? Nenda nyumbani kwake, ukae chini, umwambie taratibu."

"Nilishakwenda. Aliniambia tutaongea."

"Basi subiri muongee."

"Ng'ombe hawawezi kusubiri, mama."

"Na akikufukuza?"

"Nitakusaidia kunyonyoa kuku."

Alikuwa na mdomo tangu mdogo, na watu husema ameutoa kwangu. Siku hiyo sikuifurahia sifa hiyo.

Kipindi kilipofika nilikuwa nanyonyoa jogoo pamoja na jirani yangu Cecilia, redio iko juu ya kigoda kati yetu. Wimbo ukaisha. Tukamsikia Aneth akisema, "Karibu studio, Bwana Alute. Twende moja kwa moja kwenye swali."

Hakumwamkia. Mzee wa watu, tena aliyemsomesha, mkoa mzima unasikiliza, na mtoto niliyemlea mimi hakutoa shikamoo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na jogoo wangu.

"Mama Aneth," Cecilia akasema polepole, "mtoto amesahau?"

"Hajasahau," nikajibu, na nilipokuwa nasema ndipo nikaelewa. Ukishasema shikamoo umeshakuwa mtoto, na mtoto harudii kumuuliza mzee swali ambalo mzee hataki kujibu.

Aneth akauliza maji yanayoingia kwenye lambo yanatoka wapi. Mzee akacheka kidogo. "Mwanangu, hayo tutaongea nyumbani."

"Nyumbani kwako wenye ng'ombe walishafika, Bwana Alute. Walikunywa chai. Maji yanatoka wapi?"

Redio ikanyamaza. Cecilia akaigonga akidhani betri zimekwisha.

"Yanatoka kiwandani kwangu," Mzee akasema. Kile kicheko kilikuwa kimeisha.

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilikuwa nangoja alizeti ya msimu iishe, nisisimamishe mashine."

"Na sasa?"

"Nasimamisha leo. Nitachimba shimo la kupokea maji hayo, na lambo litasafishwa. Waliofiwa na ndama nitawafidia."

"Waje nyumbani kwako?"

"Hapana. Waje hapa redioni, watu wasikie."

"Asante kwa majibu yako," Aneth akasema. "Mahojiano yetu yanaishia hapa." Tukasikia kiti kikisogezwa, kama mtu anayesimama. Kisha ikaja sauti ya mwanangu, ile anayoitumia hapa nyumbani. "Shikamoo, baba."

Mzee asingeitikia, angekuwa amemkana mbele ya mkoa mzima, na kazi ingekuwa imekwenda. Cecilia alinishika mkono, manyoya na damu ya jogoo vikiwa juu yake, na wala hakujali. Nilimwogopa yule mzee kuliko siku zote, na papo hapo nilijivunia mwanangu.

"Marahaba, mwanangu," Mzee akasema. "Kesho niite tena. Uniulize kama nilisimamisha."

Nilikuwa bado najifuta machozi kwa mgongo wa mkono nilipomwona mteja amesimama mbele yangu, akiuliza jogoo yule ni bei gani.

"Kaa kwanza," nikamwambia.