Jina la Gloriose

Achille na Révérien walianza kusukuma baiskeli pamoja kabla hata ya kuoa. Achille Mufuliiru, Révérien Murundi, wote wa kijiji kimoja cha bonde la Ruzizi, karibu na Kiringye. Walibeba mchele na muhogo kutoka Sange hadi Uvira, na penye mchanga mzito waliacha baiskeli moja, wakasukuma nyingine kwa mikono minne, kisha wakarudi kuchukua ile ya kwanza. Watu waliwaita mapacha kwa mzaha, maana Achille alikuwa mrefu kama mnazi na Révérien aliishia begani mwake. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa miti ya manyara tu.

Mwaka 2013 ugomvi wa Wafuliiru na Warundi kuhusu nani atawale bonde hilo uliwagawa watu waliokuwa wakichota maji kwenye mfereji mmoja. Asubuhi moja watu wenye silaha waliingia kijijini wakati wanawake wanawasha moto, wakaenda nyumba kwa nyumba. Gloriose, mke wa Révérien, aliuawa mlangoni pake. Kizito, mdogo wake Achille, alikutwa baadaye amelala kwenye mfereji wa mpunga, risasi imempita shingoni. Révérien mwenyewe alikuwa Uvira na mzigo. Keza, binti yake, alipigwa risasi ya paja. Achille alimfunga kwa kitenge kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yake, akamkimbiza mpaka hospitali ya Uvira, akipita Sange ambako kila mlango ulikuwa umefungwa. Mtoto akapona, ila mguu ulibaki mfupi.

Padri wa parokia aliisimulia safari hiyo kwa rafiki yake wa Ufaransa, na habari ikafika kwenye chama kimoja cha waendesha baiskeli, wengi wao wazee, kikiongozwa na mstaafu aitwaye Rémy. Kila mwaka walizunguka mashambani. Safari ile walitaka kukusanya msaada kwa ajili ya kituo cha afya cha bondeni, wakaomba Achille aje aendeshe pamoja nao. Karatasi zilichelewa sana. Mwishowe akaenda.

Kilichomshangaza kwanza ni baiskeli yenyewe. Aliweza kuiinua kwa mkono mmoja, na haikubeba kitu. Mabegi ya wasafiri yalitangulizwa na gari mpaka kwenye nyumba watakayolala. Akamuuliza Rémy watu hawa wanaelekea wapi. Rémy akamwambia hawaelekei popote, wanazunguka halafu wanarudi walikotoka. Achille akajikaza asicheke.

Njia zilipita misituni. Palikuwa na mialoni mikubwa, na miti mingine ya gome laini la kijivu, na katikati yake njia nyoofu iliyokuwa reli zamani. Msitu ukifunguka, ulitokea ukuta wa monasteri iliyobomoka, au ngome iliyozungukwa na maji, bata wakiogelea humo. Rémy alisimamisha kundi akaeleza ni mfalme yupi aliwinda hapo na ni vita gani vilichoma mnara ule. Wenzake walipiga picha. Lakini kila walipoingia kivulini, Achille alihisi mabega yakikakamaa. Kwao, barabara ikikaribia kichaka, unaongeza mwendo au unageuza. Hawa walipunguza mwendo. Mama mmoja wa kundi alimwambia kwamba utulivu huu ndio unaowaleta. Achille alikuwa anasikiliza kama kuna tawi linalovunjika.

Jioni, mbele ya watu wa kila kijiji, alisimulia habari ya Keza. Walilia. Baada ya kusimulia mara nyingi alijua ni neno lipi litawaliza, na akaanza kuogopa kulifikia.

Kilichomshika zaidi ni mawe. Kila kijiji, hata kile chenye nyumba chache na kanisa lililofungwa, kilikuwa na jiwe lenye majina ya watu wake waliokufa vitani. Pembeni ya msitu mmoja alimkuta bibi mzee, Marie, akifuta jiwe kama hilo kwa kitambaa. Bibi alimwonyesha jina la baba yake, aliyepigwa risasi mwaka 1944 ndani ya msitu uleule walimotoka. Kwa Kifaransa chake cha shule, Achille akamuuliza nani aliyeamua ni majina gani yaandikwe.

"Waligombana sana," Marie akasema. "Mama yangu hakumsalimia jirani yetu kwa sababu ya jiwe hili, mpaka alipokufa. Sasa waliogombana wote wamekufa. Majina yamebaki."

Achille alirudi nyumbani na maneno yale mawili ya mwisho, mengine aliyaacha njiani.

Kituo cha afya kilipata vitanda na dawa. Yeye alisafirisha saruji kwa baiskeli kutoka Uvira, akaanza kujenga ukuta mfupi wa majina ya waliouawa kwenye njia panda karibu na kanisa. Wazee wa pande zote mbili walimuuliza majina ya nani yatatangulia. Ilichukua vikao vingi kukubaliana kwamba majina yafuate mpangilio wa nyumba, kwa kuwa hata wauaji walifuata nyumba. Révérien alipoambiwa, alisema ni sawa. Alileta mchanga siku ya kwanza. Siku zilizofuata hakuonekana, na Achille akadhani ni uchungu wa mke.

Achille aliandika majina kwa msumari, saruji ikiwa bado mbichi. Siku ya pili yake Révérien alikuja, akasimama mbele ya ukuta muda mrefu.

"Ndugu yangu, toa jina ya mama Keza," alisema.

Achille akauliza kosa ni nini.

"Iko pembeni ya Kizito."

"Kizito naye walimuua."

"Kizito alikuja na wale watu. Alikufa wakati wa kutoka, risasi zilipochanganyika. Keza alimuona kwa macho. Ni yeye alionyesha mlango yetu." Révérien hakupandisha sauti. "Weye ulibeba mtoto wangu. Ningesema nini? Kila nikitaka kusema naona kinga yako, ile baiskeli, na damu ya Keza juu yake. Basi nilinyamaza. Lakini hapa, hapana. Mutu hawezi kulala pembeni ya mwenye alimuuza."

Achille alikumbuka kwamba wiki ile Kizito hakuwa analala nyumbani, na kwamba mama yao alisema analinda mpunga. Alikwenda kwa Keza, akamkuta anapepeta mchele, akamuuliza kwa nini hakumwambia kitu njia nzima ile ya Uvira.

"Niliogopa utanishusha," Keza akasema, akaendelea kupepeta.

Alitaka kumjibu kwamba asingefanya hivyo. Akageuka kurudi nyumbani.

Alichukua patasi na nyundo ili afute jina la mdogo wake. Kabla hajafika njia panda, mama yake alikuwa amekwisha kuambiwa. Alimkuta ameketi chini, mgongo umeegemea ukuta mahali penye jina la Kizito.

"Nilimzika mara moja," mama alisema. "Ukimutoa hapa, niandike mimi leo."

Achille alimsihi. Wajomba wakaja. Wakaja na vijana wa ukoo, na hawakusimama karibu na ukuta, walisimama karibu na nyumba ya Révérien. Révérien aliwaona. Akamfuata Achille, akamwambia taratibu kwamba hakuomba Kizito atolewe. Aliomba jina la mkewe tu, na lifanyike kabla watu hawajazidi. Achille akapiga patasi. Saruji ilikuwa imekwisha kukauka, na jina lilitoka vipande vipande, herufi ya mwisho ikagoma. Mama yake alibaki ameketi pembeni, vumbi likimwangukia kichwani, wala hakulipangusa.

Baada ya hapo Warundi wengine walikuja mmojammoja kuomba majina ya watu wao yatolewe. Hakuna aliyeeleza sababu, na Achille hakuuliza. Révérien alivuka mto Ruzizi pamoja na Keza, akaenda kwa wakwe zake upande wa Burundi. Achille alipata habari hiyo kwa wanawake wa soko la Sange, walipokuwa wamekwisha kwenda.

Mwaka uliofuata chama cha Ufaransa kilimwalika tena. Padri alileta ujumbe mwenyewe, amefurahi, akasema safari hii wangepita mabonde mengine, yenye misitu mizuri zaidi. Achille alikataa. Padri alipomuuliza awajibu nini, alisema awaambie anaumwa.

Ukuta bado upo. Wakati wa jua wanawake huanika muhogo juu yake.