Koti la Filemon

Mektrida alikuwa amechuma kahawa tangu asubuhi, na mgongo ulikuwa umekufa ganzi. Lakini kesho mumewe, Filemon, anapanda mlimani kubeba mizigo ya wageni, na koti lake la mvua lilikuwa limefumuka begani.

"Pitisha tu kwenye cherehani upumzike, mama Kindness," Filemon akamwambia.

"Nailoni ikitobolewa haijizibi. Cherehani itaongeza matundu, ulowe, ugande huko juu."

Akashona kwa mkono, akipitisha sindano katika matundu yale yale ya zamani, kisha akasugua mshumaa juu ya mshono. Akaumwagia maji, akaingiza kiganja ndani. Pakavu.

"Haya, sasa kalale."

"Na majani ya ng'ombe utakata wewe?"

Filemon akachomoa mundu ukutani, akatoka.