Shavu la Kabla

Karatasi ya chooni ilikuwa imegandia kwenye shavu. Aliivuta taratibu, akiuma midomo, ikatoka na kipande cha ngozi chembamba kama ganda la kitunguu. Chini yake palikuwa pekundu, panatoa majimaji. Akafungua chupa ya maji baridi, akajimwagia kiganjani, akagusisha. Machozi yakamtoka yenyewe tu, wala hakuwa analia.

"Sampuli! Umehamia humo chooni?" Ilikuwa sauti ya Madamu, mwenye duka, na kucha zake zikigonga mlango. "Watu wameshaanza kuingia!"

"Natoka, Madamu."

Sampuli ndilo jina walilompa dukani, na hakuna aliyekumbuka tena kumwita la kwao. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni pa duka la vipodozi, kando ya picha kubwa ya Malkia, uso wake ukiwa nusu kwa nusu. Tangu krimu mpya ilipoingia, kila asubuhi Madamu alimkalisha kwenye kiti kirefu, akavaa glavu, akampaka shavu la kushoto peke yake. La kulia likaachwa lilivyo. Mteja akipita, Sampuli anageuza shingo huku, anageuza kule. "Hili bado, hili tayari. Jionee mwenyewe." Madamu alikuwa akisema watu wamechoka maneno, wanataka shavu.

Malkia alikuwa mwimbaji. Nyimbo zake zilipigwa saluni, buchani, mpaka kwenye simu za walinzi. Pale kwenye picha alikuwa mweupe kama maziwa ya unga, anacheka, kidole kimoja kimegusa shavu, na chini yake maneno makubwa: NILIKUWA NAJIFICHA. SASA NAJIAMINI.

Na tusimwonee, Sampuli mwenyewe aliamini. Mwanzoni lile shavu la kushoto lilitakata kweli. Liling'aa mpaka mlinzi wa mlangoni akawa anamtania, "Dada, leo nisalimie shavu lipi? La mjini au la shamba?" Alicheka, lakini utani ule ulimwingia. Akaanza kulalia ubavu wa kulia ili shavu zuri lisiguse mto. Akipigwa picha, anatoa la kushoto. Akiongea na mwanamume, anahakikisha amesimama upande unaomfaa. Lile shavu la kulia, alilozaliwa nalo, akaanza kuliona kama ndugu mshamba aliyekuja mjini bila taarifa. Siku moja akapiga moyo konde.

"Madamu, naomba nipake na huku."

"Ukipaka kote nitakuonyesha vipi? Wewe ni mlango wa duka langu, mama. Mlango haujichagulii rangi."

Basi akangoja. Kilichokuja ni muwasho. Baada ya muwasho, vipele. Baada ya vipele, ngozi ikaanza kuwa na mabaka meusi, ikipasuka pembeni ya mdomo kila akicheka, na kazi yake ilikuwa kucheka.

Madamu alipoliona shavu lile alilitazama kama mtu anayetazama tairi lililopasuka.

"Nani amekwambia ujikune?"

"Sijajikuna, Madamu. Ni krimu."

"Krimu imefanya nini?"

Sampuli akatazama chini.

"Nimekuuliza. Krimu imefanya nini? Watu wote hawa wananunua, nani amerudi hapa kulalamika?"

Walikuwa wamerudi. Wengine walikuja wamejifunga mitandio mpaka puani, na Kope, muuzaji mwenzake, aliyeitwa hivyo kwa ajili ya kope za bandia alizobandika, aliwaambia kila mmoja maneno yale yale: wewe damu yako ina shida, nenda hospitali. Lakini Sampuli hakusema. Madamu akamshika kidevu, akamgeuza huku, akamgeuza kule. Kisha akaachia tabasamu.

"Kumbe! Hebu ona, Kope. Ona hili lilivyo baya. Sasa ona hili."

"Limetulia," Kope alisema.

"Sasa sikiliza, Sampuli. Kuanzia leo, la kushoto ndilo la kabla. La kulia ndilo tayari."

"Lakini Madamu, la kulia halijawahi kupakwa kitu."

"Nani anajua? Wewe unajua, mimi najua. Kope hajui. Au unajua, Kope?"

"Mimi hata nasikia basi?" Kope akajibu, akibonyeza kope yake isidondoke.

Madamu akashusha sauti, ikawa laini. "Mwanangu, nakuuliza kwa upendo. Na uso huo, ukitoka hapa nani atakupa kazi? Hapa tu ndipo uso wako una kazi. Nyumbani wakiuliza, sema ulirukiwa na mafuta ya moto."

Nyumbani aliyekuwepo wa kuuliza ni mmoja tu, mdogo wake, Kitinda. Mama yao alipofariki alimwachia binti huyo akiwa bado anang'oa meno ya utoto. Sasa alikuwa mwanafunzi wa sekondari, miguu mirefu, mdomo hauna breki. Aliposikia habari ya mafuta ya moto alilia kuliko aliyeungua. Kisha, akiwa bado anapangusa kamasi, akasema, "Dada, si upake ile krimu ya Malkia? Inaondoa makovu. Na mimi uniletee kidogo basi. Shuleni wananiita Kitako cha Sufuria."

"Nani anakuita hivyo?"

"Wote. Hata mwalimu alicheka."

"Krimu hiyo si ya watoto."

"Wewe unaringa kwa sababu unafanya kazi huko."

Pale ndipo angesema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini Kitinda angelitangaza bombani kabla ndoo haijajaa, likafika dukani, na chumba chao, na sare ya shule, na chakula, vyote vilikuwa vinaning'inia kwenye shavu lile lile. Zaidi ya hayo, aliona aibu. Aibu ya mtu aliyeukabidhi uso wake kwa mikono miwili, na bado akaomba apakwe na upande wa pili.

Dukani mambo yakawa mazuri ajabu. Wanawake walimsogelea, wakamgusa shavu la kulia kwa ncha ya kidole. "Jamani, laini!" "Ona lilivyotakata!" Walikuwa wanasifia kile alichozaliwa nacho, kisha wanaondoka na mkebe wa kitu kingine. Kila mkebe ulipotoka mlangoni Sampuli aliufuata kwa macho mpaka unapotea njiani.

Ikatangazwa kwamba Malkia mwenyewe angekuja Jumamosi.

Sampuli akajikuta anaihesabia Jumamosi ile kama mfungwa. Usimcheke. Kwa muda wote huo alikuwa amesimama bega kwa bega na ile picha, akayazoea macho yake, akayaona yana huruma. Mtu aliyewahi kujificha, alijiambia, atamwelewa anayejificha. Malkia hajui. Wanamtumia tu jina. Akiambiwa, atakasirika, ataitupa ile mikebe mbele za watu. Asubuhi ile, akimfunga Kitinda kifungo cha nyuma ya gauni, alimwambia, "Leo nikirudi nina neno la kukwambia. Usiende kokote."

"Neno gani? Niambie sasa."

"Nikirudi."

Mbele ya duka walijenga jukwaa la mbao. Spika zilipiga mpaka vioo vya duka vikawa vinatetemeka. Vijana wenye fulana za krimu waligawa vipakiti vya bure na karatasi ngumu za kujipepea zenye uso wa Malkia. Watu walijaa mpaka upande wa pili wa barabara, wasichana wengi, wengine na sare za shule siku isiyo ya shule. Madamu alimvuta Sampuli kando.

"Utapanda, utaulizwa, utaonyesha shavu, utashuka. Kope amenawa uso leo, unamwona? Nimemwambia awe tayari, kama wewe hujisikii vizuri."

Sampuli akamtazama Kope. Kope alikuwa amebandua kope zake. Uso wake ulikuwa mtupu, safi, unangoja. Kope akakwepa macho.

Malkia alipanda, watu wakapiga kelele kama wamemwagiwa maji. Alikuwa mfupi kuliko picha. Sampuli akaitwa juu. Malkia alinukia vizuri mno. Akafungua mikono, akamkumbatia Sampuli mbele ya kamera, shavu kwa shavu, la kulia, na hapo, kwa karibu kabisa, Sampuli akaiona shingo yake. Poda ilikuwa imeishia chini ya sikio. Kutoka hapo kushuka, Malkia alikuwa mweusi, mweusi mzuri, laini, bila hata kipele. Rangi ya shavu la kulia la Sampuli mwenyewe. Kwenye picha, taa ndizo zilizokuwa nyeupe.

Lakini alikuwa ameshajipanga, na maneno yakatoka.

"Dada, krimu imeniunguza. Ni la kushoto ndilo nililopakwa. Waambie, dada, nakuomba. Kuna watoto hapa."

Malkia hakuacha kutabasamu. Midomo yake haikucheza kabisa.

"Najua, mpenzi," alisema. "Geukia kulia kidogo, mwanga uko huko."

Akamwachia. Akainua kipaza sauti, sauti yake ikajaa barabara nzima. "Mnamwona dada yetu huyu? Alikuwa anajificha! Sasa waambie wenzako, mpenzi. Ni upande gani ulipaka krimu yetu?"

Kipaza sauti kikaja mdomoni pake. Kilikuwa na joto la pumzi ya mwingine. Chini ya jukwaa Madamu alikuwa amemshika Kope kiwiko.

Sampuli akafungua mdomo. Kidonda cha pembeni kikapasuka, akasikia tone likishuka kuelekea kidevuni. Mkono ukapanda wenyewe, polepole, kama wa mtu anayejibu swali darasani bila uhakika.

"Huu," alisema.

Akagusa shavu la kulia.

Makofi hayo! Malkia akampangusa lile tone kwa kitambaa cha karatasi, watu wakasema ooh, ana roho nzuri jamani. Kitambaa akakidondosha nyuma yake bila kutazama. Madamu akamwachia Kope kiwiko.

Alirudi nyumbani kwa miguu, jua bado lipo. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Atamkalisha Kitinda kitandani, atafunga mlango, atamwambia tangu mwanzo, krimu, glavu, mafuta ya uongo, kila kitu. Kazi ikipotea, ipotee. Alijisikia mwepesi kidogo. Akaongeza mwendo.

Uani, pale bombani, wasichana wa ile nyumba ya wapangaji walikuwa wamejipanga kwenye ukingo wa saruji, wanapokezana kipande cha kioo. Kitinda alikuwa katikati. Alipomwona, akaruka juu.

"Dada! Tulikuwepo! Tulijificha nyuma ya spika! Alikukumbatia, dada, alikukumbatia kabisa!"

Shavu lake la kulia lilikuwa jeupe pee kwa krimu. La kushoto kavu. Sampuli akamtazama yule aliyefuata, na aliyemfuata yule, mpaka kadogo ka jirani kasikofika hata kimo cha bomba. Wote shavu la kulia. Vipakiti vilivyochanwa vilikuwa vimetapakaa miguuni pao.

"Nendeni mkanawe. Sasa hivi!"

"Haisafishwi mpaka kesho, Malkia alisema."

"Kitinda, nisikilize. Si hili. Ni hili." Akalisogeza shavu la kushoto mbele ya macho ya mdogo wake. "Hili ndilo walilonipaka. Limeungua kwa krimu hiyo hiyo."

Kitinda akalitazama, uso ukakunjamana. "Si uliungua na mafuta? Ulisema mwenyewe."

"Nilikudanganya."

"Ulinidanganya lini? Siku ile, au leo kwenye kipaza sauti?"

Wasichana wote wakamgeukia.

"Anatuonea wivu," mmoja akanong'ona, si kwa sauti ndogo. "Hataki tuwe kama yeye."

Sampuli akamshika Kitinda mkono, akamvuta bombani, akafungua koki mpaka mwisho. Bomba likakohoa hewa, likatetemeka, likanyamaza. Akaizungusha tena. Tena. Kitinda akajinasua, akarudi ukingoni kwa wenzake, mkono mmoja ukielea karibu na shavu, hauthubutu kuligusa.

"Inachoma," kakasema kale kadogo ka jirani.

"Ikichoma ndiyo inafanya kazi," Kitinda akakajibu. "Malkia alisema. Jipepee."

Wakaokota zile karatasi ngumu, wote, wakaanza kujipepea. Sampuli akabaki ameshika koki kavu, na mbele yake, ukingo mzima, Malkia mmoja mmoja akienda na kurudi kwenye mashavu ya watoto, anacheka.