Jembe la Koplo Pasikali

Koplo alitusimamisha kwenye kizuizi cha kuingilia Kitanga, nami Winifrida nikajua tu, leo tutaonana. Tumetoka Busunzu alfajiri, mtungi wa pombe ya ndizi mapajani mwangu, nampeleka Bazilio, mtoto wa kaka yangu, akaoe. Mtungi wa ukwe hubebwa na shangazi. Mdomo wa mtungi umefungwa kwa jani la mgomba, na fundo lile analifungua baba wa binti peke yake. Likifunguliwa njiani, aliyefungua lazima aje mwenyewe na jembe jipya, aombe radhi kama ndugu wa muoaji. Asipokuja, posa imekufa. Ndivyo tulivyolelewa, Busunzu hata Kitanga.

"Mwakeye," nikamsalimu, nikapiga makofi ya adabu. Akaitikia, na makofi akapiga. Ahaa, Muha mwenzetu.

Akazunguka gari. Leseni ipo, bima ipo, matairi mapya. Akarudi dirishani na sauti tamu. "Sasa shangazi, na jua lote hili, mnatuachaje?"

"Tunawaacha salama."

Bazilio akanikanyaga mguu. Hamis, dereva wetu, alikwishatia mkono mfukoni. Nikamtolea macho, akautoa mtupu. Kila tukipita hapa na maharage yetu tunakamuliwa. Leo nina kitenge kipya na ninakwenda kuozesha, nimwogope nani?

Koplo akabadilika. "Humo mna gongo."

"Ni pombe ya ukwe, mwanangu. Haiguswi njiani, na wewe unajua."

"Sheria haijui ukwe. Ongeeni vizuri, au nafungua."

"Thubutu!"

Akathubutu. Haki ya Mungu, alilichana jani kwa ufunguo wa pikipiki, akachomeka mrija wetu uliofungwa shingoni mwa mtungi, akavuta funda zima. "Kumbe kweli ni ndizi," akasema, akajifuta mdomo na kutupungia mkono tupite. Alikuwa ametukomoa, na alijua.

Bazilio alilia, mwanaume mzima ndani ya suti. "Shangazi, kwa kiburi chako nimemkosa Akimana." Neno lile lilinichoma mpaka tulipofika kwa wakwe.

Mzee Tharsisi, baba wa binti, aliutazama mtungi, hakuketi. "Nani kafungua?"

"Yuko kule barabarani, baba. Amevaa sare."

"Atakuja na jembe?"

"Hatakuja. Twende sisi kwake."

Wazee wakacheka, kisha wakaona mimi sicheki. Mzee Tharsisi akachukua fimbo yake. Tukaondoka wote, ukoo wa mke na ukoo wa mume, Akimana naye nyuma na mama zake, mtungi kichwani mwangu. Tukatandika mikeka pembeni ya kizuizi, tukapiga makofi ya salamu, tukakaa.

"Mnafanya nini hapa?" koplo akafoka.

"Tunasubiri jembe," nikajibu.

Akacheka. Mara likaja lori. Akalisimamisha, akainama dirishani, na wazee wote wakamkodolea macho. Akarudisha leseni bila neno. Likaja basi. Abiria wakauliza kuna msiba gani hapo, nami nikasimama nikawaeleza kwa sauti yangu yote, tena nikamwonyesha kwa kidole. Basi lile likapita bure likicheka. Na la pili hivyo hivyo. Na Noah iliyofuata. Askari mwenzake aliyekuwa kivulini alishika mbavu.

"Pasikali, nenda kanunue jembe," akamwambia. "Ukikaa hivyo tutalala njaa."

Akawasha pikipiki kwa hasira. Nilidhani amekimbia, kumbe ameenda sokoni. Alirudi na jembe jipya, karatasi ya dukani bado imegandia. Akavua kofia, akapiga goti mbele ya mzee Tharsisi, akapiga makofi polepole, sawasawa kabisa. Mama yake alimlea vizuri, sikatai.

"Wewe ni nani wa hawa?" mzee akamuuliza.

Dereva wa basi lingine alizima injini ili asikie.

"Ni ndugu yao," koplo akasema. "Nilifungua kisichokuwa changu. Nisamehe, baba. Tunaomba utupe binti."

Utupe, alisema! Nilisikia kwa masikio yangu haya. Mzee Tharsisi akalipokea jembe, akavuta mrija, akasema pombe ni nzuri. Wee, vigelegele! Akimana alijifunika uso kwa kanga huku mabega yakimtikisika kwa kicheko, na Bazilio akanikumbatia mpaka kilemba kikaanguka. Hasira yangu na yule koplo ikaniisha pale pale, hata nikamchotea kata nzima. Akasema yuko kazini. Nikamwambia asubuhi pia alikuwa kazini.

Tulipokwisha kula na kucheza nyumbani kwa mzee Tharsisi, tukampakia mke wetu garini kurudi Busunzu. Kizuizi kilikuwa kimelala katikati ya barabara.

"Haya ndugu yetu," nikamwita, "bibi harusi anapita."

Akakiinua mwenyewe, kwa mikono miwili. Hakuuliza tunamwachaje.