Shimo Lililoombewa

Maembe yakiiva Kathonzweni, mabroka, wale madalali wa matunda, huchagua yale mazuri, na yenye mabaka wanayamwaga hapo hapo nyuma ya soko. Yakioza, nzi wa matunda wanakuwa wengi hata ukifungua mdomo kumsalimia mtu, unaufunga na kitoweo. Ndila ndiye aliyechoka kwanza. Alikuwa na miembe kumi na minne, waliyoipanda yeye na marehemu mumewe Kisilu, na ndiyo iliyomlisha. Nzi hao wakiifikia, basi tena. Wanataga ndani ya tunda. Nje linang'aa kama bibi harusi, ndani ni funza watupu.

Akazunguka na karatasi nyumba kwa nyumba akiomba sahihi za kutaka uozo huo uzikwe. Akaenda ofisi ya wadi mara saba. Msimamizi wa wadi, kijana mmoja mnene wa shingo aitwaye Gedion, akaona ni heri aite baraza kuliko kumwona mama huyo mara ya nane.

Baraza lilijaa. Gedion akatangaza kwamba kaunti itachimba shimo la kuzika maembe mabovu, tena lenye kifuniko cha simiti. Watu wakapiga makofi, Ndila akapiga yake mpaka viganja vikawasha. Jua lilikuwa kali, kreti za soda zilikuwa pale kando zikionekana vizuri, na hakuna aliyeuliza shimo litachimbwa wapi.

"Sasa tusimame," Gedion akasema. Wazee wakavua kofia. "Shimo litakuwa pale kwa josho la zamani la ng'ombe. Mwaitu Ndila, mama yetu, wewe ndiye mwenye jambo hili. Tufungie na maombi."

Josho la zamani limepakana na ua wa Ndila. Ni hatua thelathini mpaka mwembe wa kwanza.

Akatazama huku na huku. Wote walikuwa wamefumba macho, pasta wake mbele kabisa, mikono kifuani. Sasa mtu mzima, kiongozi wa akina mama kanisani, atasemaje "ngojeni kwanza" na Mungu ameshaitwa? Akawaza: nitaomba kwa ufupi, halafu niseme yangu. Lakini mdomo uliozoea maombi haujui kufupisha. Ukabariki viongozi, ukabariki kazi ya mikono yao, ukabariki mpaka shimo lenyewe. "Amina!" wakaitikia, na kabla hajameza mate kila mtu alikuwa kwenye soda.

Kesho yake akarudi ofisini.

"Gedion mwanangu, hilo shimo lisogezwe."

"Lisogezwe vipi, mwaitu? Imeandikwa hapa: mahali pamekubaliwa, na Ndila wa Kisilu akapaombea."

"Niliomba. Sikukubali."

"Kwa hivyo niandike ulikuwa unamdanganya Mungu?"

Hakuwa anatania, na hilo ndilo lililomuuma Ndila. Aliuliza kwa heshima, kalamu mkononi.

Akamwendea Kavindu, mwenye kibanda sokoni, aliyetia sahihi kabla ya wote.

"Haki Ndila, si ni wewe ulitaka shimo?" Kavindu akasema, akipanga nyanya zake. "Sisi huku saa hii tunapumua. Usituharibie."

Shimo likachimbwa Desemba. Kifuniko kikaambiwa kingoje bajeti.

Februari akaja Wariara, mnunuzi wa kutoka Makindu. Akapasua embe moja, akalitupa. Akapasua la pili, la tatu, kila moja la mwembe tofauti. Akapangusa kisu kwa leso.

"Mama, hizi siwezi beba. Pole sana." Akaondoka na kreti zake tupu.

Ndila aliyachuma maembe yote peke yake siku mbili, kwa sababu ukiyaacha juu ndio nzi wanazidi. Akayasukuma kwa wilbaro hadi josho la zamani, safari kumi na moja. Mutiso, aliyewekwa na kaunti kulinda shimo, akasimama kumpisha.

"Angalau wewe ni karibu, mwaitu. Wengine wanatoka mbali."

Ndila akainamisha wilbaro, akasubiri nzi watulie, akarudi kuchukua mengine.