Kilo Mia Tatu za Kapteni Sangwa

"Ongeza mia tatu," alisema Kapteni Sangwa.

Usumani, mjazaji mafuta, hakugusa mpira wa kujazia. Alikunjua karatasi aliyopewa alfajiri, akaisoma tena chini ya bawa la ndege.

"Kapteni, hapa wameandika kilo elfu moja na mia moja. Iko na mhuri."

"Mhuri haurushi ndege, Usumani."

"Wallahi najua. Lakini mhuri ndio unanilisha nyumbani kule Rwezamenyo."

Sangwa alitazama magharibi. Kigali ilikuwa kavu, lakini Kamembe, mwendo wa nusu saa kwa ndege, ilikuwa imefunikwa ukungu tangu alfajiri. Aliijua Kamembe kama anavyojua ngazi za nyumba yake. Miaka kumi na tisa alikuwa ametua pale kwa ndege ndogo za mapangaboi, na siku za ukungu alizunguka juu ya ziwa Kivu akisubiri njia ifunguke. Kusubiri angani kunahitaji mafuta.

Zamani kapteni alitaja kiasi, kikajazwa. Kisha kampuni mama, ambayo makao yake Sangwa aliyaona kwenye picha tu, ililinunua shirika lao dogo la Umusambi na kupaka mkia wa ndege rangi yake. Mwezi uliopita chama cha marubani kilitia saini mkataba mpya nayo. Kapteni angali na haki ya kuongeza mafuta, kwa kuwa sheria haimnyang'anyi. Ila kila akiongeza, ataandika maelezo. Akiandika mara tatu katika msimu mmoja, jina lake linaondolewa kwenye orodha ya wanaosubiri kupelekwa kwenye ndege kubwa.

Sangwa alikuwa wa kwanza katika orodha hiyo. Mwenye miaka hamsini na mitano hapelekwi tena mafunzoni. Yeye alikuwa amebakiza miezi saba. Maelezo alikwisha kuandika mara mbili msimu huo.

Frederick alikuja akikimbia, kizibao chake cha njano kikipepea. Alikuwa rubani kama yeye, walisoma darasa moja, na sasa alikuwa mwenyekiti wa chama.

"Sangwa, kaka, leo usinifanyie hivi."

"Kamembe kuna ukungu."

"Wao kule makao makuu wanasema ukungu utaondoka saa mbili asubuhi."

"Hao wao wakifungua dirisha, wanaiona Kamembe?"

Frederick alicheka bila kupenda. Kisha akashusha sauti. "Ule mkataba uliokoa ajira arobaini. Ulitaka tufanye nini?"

"Mliziokoa, sikatai. Mkalipa kwa kiti changu."

"Kiti chako kipo! Wewe ndiye unakisukuma kwa mguu. Jina lako liko juu kabisa, bwana. Mia tatu tu ndiyo ikutoe?"

Ndani ya chumba cha marubani, Keza, rubani wake msaidizi, alikuwa amesikia yote kupitia dirisha lililo wazi. Alitoa kichwa nje.

"Kapteni, tuseme mimi ndiye niliyeomba. Niandike mimi. Mimi iko na miaka mingi mbele, watanisahau."

Frederick alitazama viatu vyake. Njia hiyo ilikuwa rahisi, na kila mtu pale aliiona.

"Mkono wako bado msafi," Sangwa alimwambia Keza. "Usiuzoeze uongo." Kisha akamgeukia Usumani. "Lete karatasi."

Alikata tarakimu iliyochapwa, akaandika elfu moja na mia nne, akatia saini. Usumani alifungua mpira. Frederick alisimama mpaka mita ilipokoma, kisha akaondoka bila kuaga.

Waliruka wakiwa wamechelewa dakika kumi na nne. Juu ya msitu wa Nyungwe mawingu yalijazana. Mkono wa Sangwa haukutulia. Mara ulikuwa kwenye redio, mara kwenye kipimo cha mafuta, kama mtu anayepapasa funguo mfukoni. Mnara wa Kamembe ulisema njia haionekani. Keza alianza kupiga hesabu ya kuzunguka.

Hapo ukungu ukapasuka. Njia ya kutua ilijitokeza chini yao, imelowa, inang'aa, wazi toka mwanzo hadi mwisho. Walitua mara moja, kwa ulaini uliomfanya abiria mmoja aendelee kulala.

Kilo mia tatu zilibaki tankini, nzima, hazikuguswa.

Abiria waliposhuka, Keza alimpa Sangwa fomu ya maelezo. Ilikuwa na mstari mmoja tu: *Sababu*.

"Andika ukungu," alisema.

"Ukungu uko wapi?"

Keza alitazama nje. Jua lilikuwa limejaa juu ya ziwa. Mhudumu wa uwanja alikuwa amevua koti na kulitundika kwenye mkokoteni wa mizigo.

"Ulikuwepo," alisema polepole.

"Hapo hakuna nafasi ya ulikuwepo."

Sangwa aliweka ncha ya kalamu juu ya mstari, akaiacha pale hadi wino ukafanya doa. Alipoinua macho, kwa upande wa Bukavu, ng'ambo ya ziwa, wingu jeupe lilikuwa limeanza kushuka mlimani tena. Lilivuka maji bila haraka. Likaifikia ncha ya mbali ya njia, likameza taa ya kwanza, kisha ya pili.

Kalamu ilikuwa bado mahali pake.